Ua wa Mbao Ukioza Mapema: Soma Dalili Kabla ya Kununua Mbao Nyingine

Anayeishi ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Uganda, kuanzia Masaka na Entebbe hadi Jinja, anajua mvua zinavyokuja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kati ya misimu hiyo manyunyu hayakosekani, na asubuhi nyasi zinalowa umande mpaka jua lipande. Visiwani Ssese hali ni ya majimaji zaidi. Ua wa mbao uliosimama mahali kama hapo haupati muda mrefu wa kukauka. Ukuvu unaoozesha mti unahitaji unyevu unaozidi asilimia 20 ndani ya mbao, pamoja na hewa na joto la wastani, na hivyo vyote huku tunavyo mwaka mzima.

Ua ukianguka, wengi hukimbilia yadi za mbao za Ndeeba, Kampala, kununua nyingine, pengine za aina ileile, bila kuuliza ule wa kwanza uliharibikia wapi. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Mahali mbao ilipoharibika panaeleza sababu vizuri kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Chukua bisibisi bapa, nyundo ndogo na panga la kufyekea majani, uuzunguke ua wako nguzo moja baada ya nyingine.

Nguzo imekatika usawa wa ardhi

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko nyingine zote, na ndiyo inayoangusha ua mzima. Fukua udongo kuzunguka nguzo kiasi cha sentimita 15, kisha sukuma bisibisi. Ikizama bila kutumia nguvu, nguzo imekwisha hata kama juu inapendeza. Mbao iliyooza utaikuta imegawanyika vipande vya mraba vya kahawia vinavyosagika kwa vidole, au imegeuka nyuzi laini nyeupe. Ni aina mbili tofauti za ukuvu, ila kwako wewe mwenye ua hukumu ni ileile.

Ukiing'oa nguzo hiyo utaona jambo la kuzingatia. Ncha ya chini kabisa mara nyingi bado ngumu. Juu nako kugumu. Kilichooza ni kipande cha kati, kuanzia juu kidogo ya ardhi hadi kama sentimita 30 chini yake. Chini sana maji yapo lakini hewa ni haba. Juu hewa ipo lakini mbao hukauka mvua ikikatika. Usawa wa ardhi ndipo maji na hewa vinapokutana bila kuachana. Kwa hiyo ua wa mbao unapimwa kwa hizo sentimita 30. Fedha nyingi ziende huko, kwenye nguzo, na mbao za juu zipate zinazobaki. Watu wengi hufanya kinyume: mbao za mbele zinazoonekana na wageni zinakuwa mvule, nguzo zilizojificha nyuma zinakuwa za bei chee.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni aina ya mti. Musizi hukua haraka, ni mwepesi, unapigika misumari vizuri na bei yake si mbaya, ndiyo maana umejaa kila yadi. Ndani ya nyumba, chini ya paa, hauna neno. Ukiuzika ardhini unaoza na kuliwa upesi. Kirundu ni dhaifu zaidi, huanza kubadilika rangi hata kabla haujakauka. Grevilea na paini isiyo na dawa nazo ziweke mbali na udongo. Mkaratusi, yaani kalitunsi, unawadanganya wengi kwa sababu ni mzito: fito changa zilizokatwa shambani na kuzikwa zikiwa mbichi hazidumu, maana uzito peke yake hauzuii ukuvu. Kinachozuia ni kemikali ambazo mti wenyewe huzihifadhi katika kiini chake unapokomaa, na mti mchanga haujapata muda wa kuzitengeneza.

Sababu ya pili inawapata hata walionunua mti mzuri, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Kila mti una sehemu mbili: kiini, ambacho ni cha ndani na kwa kawaida cheusi zaidi, na ile sehemu nyeupe ya nje iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Sehemu nyeupe haidumu katika mti wowote. Iwe ya mvule, mtiki au mugavu, ardhini inaoza tu, kwa sababu ina chakula cha ukuvu na wadudu na haina zile kemikali za kinga. Katika mvule sehemu hiyo ina rangi ya krimu na inaweza kufika upana wa sentimita 5 au zaidi. Mtu akipasua gogo na kukuuzia mbao za pembeni, amekuuzia mvule kweli, hakusema uongo, lakini amekuuzia ile sehemu isiyodumu.

Basi ukiambiwa, "Ssebo, hii mvule ya Kongo, haiozi," usibishane. Geuza mbao uangalie kichwa chake, pale ilipokatwa. Kichwa kikiwa kichafu, kikwangue kwa kisu na ukilowanishe kwa maji kidogo. Mpaka kati ya weupe na kiini utajitokeza wazi. Kiini cha mvule kilichokatwa karibuni ni cha manjano, kisha jua na hewa hukigeuza kahawia ya dhahabu. Kwa hiyo mvule wa manjano si lazima uwe bandia. Tazama kama kuna ukanda mweupe zaidi kando yake. Wakati mwingine utakuta ndani ya mvule mawe meupe magumu, chokaa iliyojikusanya mti ulipokuwa unakua. Mafundi wanayachukia kwa sababu yanaharibu meno ya msumeno, ila mbao ikiwa nayo si mbovu. Mbao iliyokwisha kupakwa oili au rangi kabla haijauzwa, ikwangue kwanza au iache.

Kwa nguzo kubali kiini peke yake, au kiini chenye kona moja nyembamba ya weupe. Kona hiyo iparue kwa panga kabla hujaizika.

Sababu ya tatu ni jinsi nguzo ilivyosimikwa. Fundi anachimba shimo, anasimamisha nguzo, anamwaga zege pande zote na chini yake. Siku hiyo inakaa imara kabisa. Mbao ikikauka inasinyaa, pengo jembamba linabaki kati yake na zege, maji ya mvua yanaingia humo na hayana pa kutokea, na zege limekuwa bakuli lenye nguzo ndani. Dalili yake ni uozo uliozunguka nguzo sawasawa, ndani ya kola ya zege tu. Ukitaka zege, weka kwanza kokoto sentimita 10 hadi 15 chini ya shimo, nguzo ikae juu ya kokoto, zege liizunguke pembeni bila kuifunika kitako. Zege limalizikie juu kidogo ya ardhi, na uso wake uteremke kuelekea nje ili maji yakimbie nguzo. Kwa ua wa mita 1.8 chimba sentimita 60 hadi 75. Kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, kokoto na udongo ulioshindiliwa kwa tabaka vinatosha bila zege. Karibu na kinamasi hali ni nyingine: huko nguzo ya mbao ishikwe na kiatu cha chuma juu ya zege, isiguse ardhi hata kidogo.

Angalia pia kilichorundikwa hapo chini. Majani yaliyofyekwa, maganda ya matoke, udongo wa tuta la maua, vyote vinapandisha usawa wa ardhi na kuilowesha nguzo mahali palipokuwa pakavu. Nimeona nguzo za mugavu ulio bora zikioza juu ya kola ya zege kwa sababu ya lundo la mboji lililoegemezwa hapo kila msimu.

Nguzo imesimama, lakini ukiigonga inatoa sauti ya utupu

Hao ni mchwa. Utaona vijia vya udongo vinapanda juu ya nguzo. Ukivibandua, wadudu weupe wanakimbia ndani. Tofauti na uozo ni kwamba mbao inayobaki ni ngumu na kavu, imechongwa kwa njia ndefu zinazofuata nyuzi za mti, tena mara nyingi imejazwa udongo. Uozo na mchwa wanaweza kukaa pamoja, na mara nyingi hukaa, kwa hiyo usishangae ukikuta dalili zote mbili.

Tazama mchwa wamekula wapi. Wakiwa wamekula pembeni na kuacha gogo la katikati likiwa zima, mti wako ulikuwa na kiini kizuri na weupe mwingi. Nguzo hiyo inaweza kuendelea kutumika ukiiparua. Wakiwa wamekula kila kitu, aina ya mti ndiyo tatizo, na dawa yoyote ya kumwagia itakuwa kazi ya kurudia kila msimu.

Miti ya huku inayovumilia mchwa ipo. Musambya umetumika Buganda tangu zamani kwa nguzo za nyumba na ua, na bado ni chaguo langu la kwanza kwa mtu asiye na fedha za mvule: unakua haraka kuliko mvule, unapatikana mashambani kwa wakulima wenyewe, na fito zake ni nyoofu. Chagua uliokomaa. Mugavu una kiini cha kahawia iliyokolea, kigumu kupiga msumari bila kutoboa kwanza. Mtiki uliopandwa ni mzuri ukiwa umezeeka. Mtiki mchanga, ule unaokatwa ili kupunguza msongamano shambani, una weupe mwingi na kiini chembamba, hivyo jina lake kubwa lisikupumbaze. Mwerezi wa milima ya Karamoja unasifika kwa kuwashinda mchwa, lakini mingi iko ndani ya misitu iliyohifadhiwa, na ukiuzwa bila karatasi usiuguse.

Nalisema hilo la karatasi kwa uzito. Mvule umepungua mno hata Busoga, ambako zamani ulisimama katikati ya mashamba, na mti mmoja unachukua miongo mingi kukomaa. Mbao halali ina alama ya nyundo ya maafisa wa misitu kwenye kichwa chake na hati ya kuisafirisha. Uliza. Na kama ua wako unaweza kusimama kwa musambya au kalitunsi yenye dawa, uache mvule kwa milango na madirisha.

Mbao za mlalo za chini zisifike ardhini. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15, ili mchwa wakitaka kupanda walazimike kupita kwenye nguzo, mahali unapoweza kuwaona. Kama kichuguu kiko ndani ya kiwanja chako, kukibomoa juu tu hakusaidii. Malkia yuko chini, na akibaki hai kinajengwa upya.

Nguzo ziliuzwa kuwa na dawa, na bado zimeoza

Malalamiko haya yanaongezeka, na wenye kulalamika wana haki. Dawa ya kweli ya nguzo ni ile inayosukumwa ndani ya mti kwa shinikizo katika tangi la chuma, kama zinavyofanyiwa nguzo za umeme. Iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, unaoacha rangi ya kijani. Kuchovya nguzo kwenye pipa au kuipaka kwa brashi kunatoa kijani kilekile kwa macho, ila dawa inaishia milimita chache tu juu ya uso.

Kuna njia moja ya kujua. Kata nguzo moja ya mabaki, mbali na ncha angalau nusu mita, maana ncha hunywa dawa kuliko sehemu nyingine, uangalie mkato. Katika kalitunsi iliyotibiwa sawasawa utaona pete ya kijani inayojaza weupe wote, kisha kiini cha katikati bila rangi. Kiini cha kalitunsi hakinywi dawa, na hilo ni la kawaida. Pete ikiwa nyembamba, imekatikakatika, au haipo upande mmoja, nguzo iliingizwa tangini ikiwa bado mbichi, au haikuingizwa kabisa. Mti uliojaa maji hauna nafasi ya dawa.

Kutokana na hapo utaelewa kwa nini nguzo nzima ya duara ni bora kuliko iliyopasuliwa. Weupe, uliokuwa udhaifu wa mvule, katika kalitunsi yenye dawa ndio unaogeuka ngao ya nje. Fundi akiichonga iwe ya mraba, ameitupa ngao na kubaki na kiini kichanga kisicho na kinga. Akiikata chini ili ifupike, amefungua mlango mahali pabaya kuliko pote. Nguzo ndefu ikatwe kichwani, na mkato upakwe dawa ya shaba ya kupaka kwa brashi. Mabaki ya nguzo hizo usiyachome jikoni wala kuyapa kuku kama matandiko. Aseniki inabaki kwenye moshi na majivu.

Watu huniuliza kuhusu oili chafu ya gari. Inatia mbao weusi na kuzuia maji kwa muda, lakini haiingii ndani, haiui ukuvu uliokwisha kuingia, na inachafua udongo ambao pengine unalima mboga. Lami iliyopakwa kwenye mbao mbichi ni mbaya zaidi, kwa sababu inafungia unyevu ndani.

Vumbi laini na matundu

Vumbi jembamba mno linalomwagika kutoka matundu ya milimita 1 au 2 ni kazi ya bungua. Bungua wa aina hii wanataka wanga ulio katika weupe wa miti ya majani mapana, kiini hawakigusi. Wakiwa kwenye mbao chache, zitoe. Tundu la duara lenye upana wa kama sentimita moja, chini ya mbao ya mlalo, ni la yule nyuki mkubwa mweusi, na mara nyingi madhara yake ni madogo. Ziba kwa kijiti na gundi mchana akiwa ametoka.

Mbao zimejikunja, zimepasuka, zimeacha mapengo

Hapa usilaumu aina ya mti haraka. Mbao ilipigwa misumari ikiwa mbichi, ikakaukia kwenye ua. Mbao husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kiini, ndiyo maana ubao mpana uliochanwa pembeni ya gogo hujikunja kuelekea upande wa nje wa mti. Mbao za upana wa sentimita 10 hadi 12 zinajikunja kidogo kuliko za sentimita 20. Paini changa hujisokota hata ukiipigilia vipi, kwa hiyo ukiona kitovu cha katikati kabisa ya gogo kikipita ndani ya ubao, uurudishe.

Panga mbao chini ya paa kwa wiki kadhaa, vijiti katikati ya kila tabaka hewa ipite, vichwa vimepakwa rangi yoyote nzito visikauke kwa kasi na kupasuka. Toboa tundu kabla ya msumari karibu na ncha. Weka misumari au skrubu zilizopakwa zinki, hasa kwenye mbao zenye dawa ya shaba, maana chuma kitupu huliwa upesi humo.

Madoa na rangi inayobanduka

Mchirizi mweusi wa samawati chini ya kila msumari ni chuma kilichokutana na tanini ya mti na maji. Mvule na kalitunsi huonyesha sana. Mbao ni nzima, misumari ndiyo iliyokosewa. Ukijivu wa juu ni kazi ya jua, nao hauzidi unene wa milimita. Samawati ndani ya paini ni ukuvu usiopunguza sana nguvu, ila unakuambia mbao ilikaa mbichi muda mrefu, hivyo ikague kwa bisibisi. Rangi inayovimba na kubanduka kwa vipande ilipakwa juu ya mbao yenye maji, au upande mmoja tu. Kwa ua wa nje mafuta yanayoingia ndani ya mbao ni afadhali kuliko rangi nzito, kwa sababu yakichakaa unapaka tena bila kukwangua.

Na vichwa vya nguzo vikatwe kwa mshazari. Kichwa bapa kinakunywa maji kupitia nyuzi zake, na uozo unashuka kutoka juu wakati wewe unautafuta chini.

Ukiwa huna fedha za kubadilisha nguzo zote

Mbao za juu zikiwa nzima, usizivunje. Nguzo iliyooza chini inaweza kukatwa sentimita 20 juu ya ardhi, kisha ukazika kando yake kisiki kifupi cha musambya au kalitunsi yenye dawa na kuvifunga pamoja kwa bolti mbili zenye zinki. Anza na nguzo za geti, kwa kuwa ndizo zinazobeba uzito na kutikiswa kila siku. Zifuate za kona. Halafu zile za bondeni, ambako maji ya mvua husimama. Za katikati ya mteremko mkavu zinaweza kusubiri, ila zifukuliwe na kuchomwa bisibisi kila Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza.